Umetuletea Nini?

Msafiri akirudi kwetu, watoto humkimbilia mlangoni, humtua begi, humwamkia, na kabla hajavua viatu wameshauliza: "Umetuletea nini?" Akienda kazini kesho yake atalikuta swali lilelile vinywani mwa watu wazima. Asiye na kitu hujibu, "Nimejileta mwenyewe." Wenzake watacheka, lakini hawatasahau.

Siku hizi wako wazazi wanaowakanya watoto wao wasiulize hivyo, wakiona ni tabia ya kuombaomba. Mimi wangu siwakanyi. Najua wanachouliza hasa: huko ulikokuwa, ulitukumbuka? Chungwa moja linatosha kujibu.

Nimekua kwenye barabara ya Iringa. Wazazi wangu walikuwa na kazi Dar es Salaam, na kila mwisho wa mwaka tulipanda basi kwenda kwa babu na bibi, safari ya kilomita 500 hivi. Kwa hiyo nchi hii niliijua kwa chakula kabla sijaijua kwenye ramani ya darasani. Muheza ilikuwa machungwa. Dodoma zabibu. Singida kuku wa kienyeji na mafuta ya alizeti. Saranda, kituo kidogo cha Reli ya Kati, nilikijua kwa sifa ya kuku wake waliouziwa abiria madirishani mwa treni, ingawa nilikuwa sijapanda treni hata siku moja. Na kwenye njia yetu wenyewe, Ruaha Mbuyuni ilikuwa vitunguu, ambavyo harufu yake iliingia ndani ya basi kabla hatujaiona mibuyu vizuri. Baada ya hapo tuliupanda Mlima Kitonga polepole nyuma ya malori, masikio yakiziba, na tukitokea juu tunajua Ilula iko mbele na nyanya zake zimepangwa kandokando ya lami.

Mabasi yale yalikuwa na vioo vya kusukuma. Dereva akipunguza mwendo tu, mikono imejaa dirishani: mayai ya kuchemsha pamoja na chumvi iliyofungwa kwenye kipande cha gazeti, mahindi ya kuchoma, korosho, karanga, miwa iliyomenywa na kukatwa pingili. Biashara hiyo ilikuwa na taratibu zake ambazo hazikuandikwa popote. Unaonja kwanza. Unaulizia bei ya madirisha mawili matatu kabla ya kukubali. Na basi likiondoka ghafla, kila mmoja anamwamini mwenzake. Nimemwona mama mwenye beseni kichwani akikimbia sambamba na gurudumu ili amrudishie abiria chenji yake. Nimewaona pia abiria wakirusha hela chini kwa muuzaji aliyeachwa nyuma, kwa sababu kula cha mtu bila kumlipa ni jambo ambalo basi zima lingekusema mpaka Morogoro.

Tukirudi msimu wa mvua, baba alibeba dumu la ulanzi, ile pombe ya mianzi. Wanaoujua hawakazi kifuniko, maana ulanzi huendelea kuchachuka njiani, na dumu lililobanwa sana hufura likapasuka. Baba aliliweka katikati ya miguu yake na kila baada ya mwendo fulani alilegeza kifuniko, likapumua. Ulanzi huo ulikuwa kwa ajili ya wazee wawili wa mtaani kwetu waliotoka Iringa miaka mingi kabla yake na walikuwa hawana tena wa kumtembelea huko. Walikunywa kidogokidogo wakiuliza habari za mvua.

Mabasi ya sasa, mengi yametoka China, yana viyoyozi na vioo visivyofunguka. Yanatakiwa yasipite kilomita 80 kwa saa, kila kijiji kina kibao cha 50 na askari mwenye tochi, na kusimama porini abiria wakachimbe dawa kumepungua sana. Treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata, inapita vijijini kama upepo. Naupenda usalama huu. Mabasi ya utoto wangu yalikimbizana, na nawakumbuka watu tuliowazika kwa sababu hiyo. Lakini kioo kisichofunguka kimemtenga yule mama mwenye beseni na mimi, na najua ada za shule zilizokuwa zikitoka kwenye beseni lile.

Kwa hiyo biashara imehamia pale basi linaposimama kwa chakula. Dakika 15 au 20, konda amekwisha kupiga kelele, nawe uchague: ule wali, au ukatafute zawadi.

Mwenye usafiri wake hapewi nafasi ya kuchagua. Baba mdogo aliponunua Peugeot 504, gari kukuu lakini lenye buti refu, baba alilizunguka mara mbili, akampa mkono wa hongera na kumwambia, "Mdogo wangu, sasa huna tena udhuru." Ilikuwa kweli. Wa basi anaweza kusema konda alikataa mzigo. Mwenye buti atasema nini? Gari lile lilirudi kutoka Iringa limekaa chini kwa nyuma, limebeba viazi vilivyofungwa lumbesa, maharage na kuku wawili miguuni pa mtoto. Leo nawaona vijana wenye gari la IST, buti lake dogo, wamelaza siti ya nyuma ili magunia yaenee, na moyo wangu unafurahi.

Kinachonisumbua kidogo ni simu. Siku hizi ukitaja tu kwamba unasafiri, ujumbe unakuja: "Ukifika Ilula nichukulie tenga moja la nyanya, nakurushia hela." Namnunulia, kwa nini nisimnunulie? Lakini hilo ni agizo. Mwenye agizo anahesabu, anakagua, anauliza mbona hizi zimepondeka. Zawadi hupokelewa kwa mikono miwili hata ikiwa imepondeka. Naogopa tukizoea maagizo tutasahau ule uchungu mtamu wa kusimama mbele ya mafungu ya nyanya, hela kidogo mfukoni, unahesabu vichwa: huyu anaumwa, yule alinilindia nyumba, wale watoto ni wanne.

Agosti iliyopita nilirudi kwa basi. Tulipopewa dakika 15 Ruaha Mbuyuni sikula. Nilivuka kwenda kwenye vibanda, nikanunua sado mbili za vitunguu, muuzaji akaniongeza konzi moja juu, nikarudi mbio honi ikilia. Jirani yangu wa siti, mzee nisiyemfahamu, aliivuta miguu yake bila kuambiwa ili mfuko upate pa kukaa. "Nyumbani wako wengi?" aliniuliza. Nikamjibu wako wengi.

Nilivigawa usiku uleule. Vya jirani nilivitia kwenye sahani nikaifunika kitambaa. Kwetu sahani ya mtu hairudi tupu, na asubuhi ililetwa na binti yao wa miaka saba, ina vitumbua bado vya moto. Aliniamkia, akanikabidhi, akasimama palepale mlangoni.

"Mama amesema asante," alisema. "Na mimi nauliza, unakwenda tena lini?"