Kwa nini Kenya ilikuwa pinki? Hadithi ya rangi za ramani

JUMAPILI moja jioni mpwa wangu, mtoi wa Gredi ya Tano, alinijia na penseli sita za rangi na uso wa mtu aliyekwama. Mwalimu wao alikuwa amewapa ramani tupu ya Kenya na majirani zake, wakaipake rangi nyumbani.

"Anko, Kenya ni rangi gani?"

Nikamwambia apake anayotaka. Akakataa katakata. "Kwa kitabu ni kijani. Kwa ile ya ukutani darasani ni manjano. Gani ndiyo ya ukweli?"

Hapo shosho, ambaye nilidhani amelala kwenye kochi, akafungua jicho moja. "Mimi nilichapwa kwa sababu ya hiyo ramani," akasema.

Tukanyamaza. Miaka yote hiyo nimekula chapati zake na sijawahi kusikia hiyo stori. Kumbe katikati ya miaka ya 1950, enzi za Hali ya Hatari, shosho alikuwa msichana mdogo katika shule moja ya misheni huko Kati. Darasa lilipewa ramani ya Afrika kupaka rangi. Yeye akaipaka Kenya kijani, kwa sababu alipochungulia dirishani aliona nyasi na migomba. Mwalimu akamwita mbele, akamtandika viboko vinne. Kenya si kijani, akaambiwa. Kenya ni nyekundu, kwa sababu nyekundu ni ya Malkia.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo usitarajie niongee kama profesa. Lakini hiyo stori ilinikosesha usingizi. Kesho yake nikashuka tao, nikainama pale inama bookshop na kutoka na atlasi kuukuu isiyo na jalada, mia na hamsini tu. Tangu hapo nimekuwa nikisoma kila ninachopata kuhusu rangi za ramani. Hiki ndicho nilichojifunza.

PINKI YA MALKIA

Mwalimu wa shosho hakuwa amejitungia. Kuanzia karne ya 19, ramani za Uingereza zilipaka makoloni yote ya nchi hiyo nyekundu. Ni rangi waliyokuwa wameizoea: hata wanajeshi wao walivaa makoti mekundu vitani kwa muda mrefu.

Shida ilikuwa kwa mchapishaji. Ukimwaga wino mwekundu mzito juu ya nchi nzima, majina ya miji na mito yanamezwa, huoni Nairobi wala Athi. Kwa hivyo wakaipunguza makali. Nyekundu ikawa pinki, na maandishi meusi yakasomeka vizuri juu yake. Ndiyo maana watu walisema "nyekundu" huku macho yao yakiona pinki.

Mojawapo ya ramani zilizosambaza mtindo huo ilitoka Julai 1886, ikiwa nyongeza katika gazeti la The Graphic la London. Dunia nzima ilikuwa hapo, milki ya Uingereza imepakwa rangi moja, na pembeni kumechorwa watu na wanyama wa makoloni kwa mbwembwe. Hiyo haikuwa jiografia pekee, ilikuwa pia tangazo la biashara. Mtoto wa London aliyeitazama ukutani alielewa bila kuambiwa: hapa ni petu, pale ni petu, na kule pia.

Mwaka huohuo wa 1886, Waingereza na Wajerumani walikubaliana kugawana eneo letu. Wakachora mstari kutoka pwani, karibu na Vanga, ukapinda kuuzunguka Kilimanjaro na kwenda hadi Ziwa Victoria. Huo ndio mpaka wetu na Tanzania hadi leo. Juu ya mstari rangi moja, chini yake nyingine. Wamaasai waliokuwa wakilisha ng'ombe pande zote mbili hawakuulizwa.

Basi kulikuwa na ndoto ya Cecil Rhodes na wenzake: mstari mwekundu usiokatika kutoka Cape Town hadi Cairo. Wajerumani, wakiwa Tanganyika, ndio waliokuwa wameuziba njia. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza Ujerumani ikanyang'anywa Tanganyika, Uingereza ikakabidhiwa, na kwenye karatasi ndoto ikatimia.

Lakini pinki hiyo pia ilificha mambo. Chukua Pwani. Kisheria, ukanda wa maili kumi kutoka baharini ulikuwa mali ya Sultani wa Zanzibar. Waingereza walikuwa wakiusimamia tu tangu 1895, na bendera ya Sultani ilipepea Fort Jesus, Mombasa. Ndiyo sababu jina rasmi lilikuwa Koloni na Himaya ya Kenya, vitu viwili. Mambo hayo yalimalizwa 1963, uhuru ukibisha hodi. Lakini kwenye ramani ya darasani, Mombasa na Nyeri zilikuwa pinki ileile. Na cha kuchekesha, bendera ya Sultani yenyewe ilikuwa nyekundu tupu!

KILA DOLA NA RANGI YAKE

Wengine nao walikuwa na zao. Ufaransa mara nyingi ilipewa samawati, rangi iliyokuwa kwenye nembo ya wafalme wake kabla ya mapinduzi. Uholanzi ilipewa rangi ya chungwa, kwa sababu ukoo wa kifalme unaitwa Orange. Hiyohiyo ndiyo jezi ya timu yao ya taifa hadi sasa.

Joseph Conrad aliitumia desturi hii katika riwaya yake Heart of Darkness ya 1899. Msimulizi anasimama mbele ya ramani ya Afrika katika ofisi ya kampuni huko Ulaya na kuhesabu rangi: nyekundu nyingi, samawati nyingi, zambarau kule pwani ya mashariki kwa Wajerumani, na manjano katikati, Kongo, anakokwenda yeye. Hataji jina la dola hata moja. Msomaji wa wakati ule alisoma rangi tu na kujua nani anatawala wapi.

Hata hivyo, haikuwa sheria. Hakuna mkutano uliowahi kukaa na kuamua kwamba Ufaransa lazima iwe samawati. Kila nchi ilichapisha atlasi zake na kujipendelea.

Waulize Wareno. Katika miaka ya 1880 walichora ramani yao wenyewe iliyounganisha Angola na Msumbiji kwa ukanda mmoja mpana, kutoka bahari hadi bahari, wakaupaka pinki. Ndiyo, pinki! Nchini mwao inajulikana hadi leo kama Ramani ya Waridi. Tatizo ni kwamba ukanda huo ulipita katika nchi ambazo sasa ni Zambia, Zimbabwe na Malawi, palepale Rhodes alipokuwa akipataka. Januari 11, 1890, Uingereza ikaipa Ureno makataa: ondoeni majeshi yenu huko. Ureno ikasalimu amri. Wananchi wakawaka hasira dhidi ya mfalme wao, na wimbo uliotungwa katika hasira hiyo ndio wimbo wa taifa wa Ureno leo. Yaani Ronaldo akifunga macho kabla ya mechi na kuimba, nyuma ya wimbo huo kuna ramani iliyopakwa pinki.

Na kama wewe ni msee wa gemu za kompyuta, desturi hii unaijua bila kujua. Fungua Europa Universalis: Uingereza ni nyekundu, Ufaransa ni samawati. Milki zilikufa, rangi zao zikahamia kwenye skrini.

RANGI NNE ZINATOSHA

Sasa turudi kwa mtoi na penseli zake sita. Nilimwambia ana nyingi kupita kiasi.

Mwaka 1852 kijana mmoja wa Uingereza, Francis Guthrie, alikuwa akipaka rangi ramani ya kaunti za nchi yake. Akagundua kwamba rangi nne zinatosha, bila kaunti mbili zinazopakana kuwa na rangi moja. Akajiuliza: je, ni hivyo kwa ramani yoyote ile? Swali likafika kwa maprofesa, likawasumbua. Mmoja alidai amelimaliza 1879, miaka kumi na moja baadaye kosa lake likaonekana. Jibu kamili lilipatikana 1976 Marekani, wakati Kenneth Appel na Wolfgang Haken walipotumia kompyuta iliyokokotoa kwa zaidi ya saa 1,000. Miaka 124 kwa sababu ya kazi ya kupaka rangi! Guthrie mwenyewe, kwa njia, alihamia Afrika Kusini akawa mwalimu wa hesabu huko.

Jaribu mwenyewe. Kenya ina majirani watano wa nchi kavu: Tanzania, Uganda, Sudan Kusini, Ethiopia na Somalia. Ukifikiri vizuri, rangi tatu tu zinatosha. Tanzania, Sudan Kusini na Somalia hazigusani, zipe moja. Uganda na Ethiopia ya pili. Kenya ya tatu. Kwisha.

Lakini shuka hadi Malawi. Imezungukwa na Tanzania, Zambia na Msumbiji, na hizo tatu zote zinapakana zenyewe kwa zenyewe. Hapo huponi bila rangi ya nne.

Kwa hivyo hilo ndilo jibu la swali la mpwa wangu. Siku hizi, mchoraji wa atlasi ya shule akiipa Kenya kijani au manjano, hasemi lolote kuhusu Kenya. Anataka tu usiichanganye na Uganda.

MCHEZO BADO UNAENDELEA

Usidhani basi kwamba rangi zimekuwa salama. Washa runinga wakati wa uchaguzi. Kaunti hii manjano ya UDA, ile rangi ya chungwa ya ODM. Mgombea akishinda kwa kura chache tu, kaunti nzima inapakwa rangi yake, na waliompinga wanafutika. Tena jicho hudanganywa na ukubwa. Marsabit inatosha Nairobi mia moja kwa eneo, ilhali katika sensa ya 2019 Nairobi ilikuwa na watu milioni 4.4 na Marsabit chini ya nusu milioni. Ardhi haipigi kura, lakini kwenye ramani ndiyo inayopiga kelele.

Hata Marekani, ile nyekundu ya Republican na samawati ya Democrat si ya kitambo. Mwaka 1976 runinga ya NBC ilifanya kinyume: samawati kwa Ford wa Republican, nyekundu kwa Carter wa Democrat. Mpangilio wa sasa ulikolea baada ya uchaguzi wa 2000.

Na hapa kwetu, tazama ile pembe ya juu kaskazini magharibi, Turkana. Ramani moja itakuonyesha mstari ulionyooka, nyingine mstari unaopanda juu na kumeza kipande zaidi. Hiyo ni Pembetatu ya Ilemi. Kenya inaisimamia, Sudan Kusini nayo inaidai. Mistari iliyochorwa na wakoloni pale ina majina ya rangi: Mstari Mwekundu wa 1938, kisha Mstari wa Samawati uliofuata miaka ya 1940. Kwa wafugaji wa huko hili si swali la atlasi. Ni malisho, maji na bunduki.

Nilipomaliza kueleza, mtoi alikuwa ameshachoka nami. Akamgeukia shosho, akamnyoshea penseli ya kijani.

"Paka wewe, macho yangu yamechoka," shosho akasema. Lakini alivaa miwani, akakaa karibu na kumwangalia hadi Kenya yote ikawa kijani, kutoka Vanga hadi Lokichoggio.

Jumatatu alirudi na alama saba kwa kumi. Alikuwa amesahau kuonyesha Ziwa Turkana. Kuhusu rangi, mwalimu hakusema neno.