Gari la Wagonjwa Lenye Kilomita 300,000: Je, Injini Yake Imechoka?

Katika mikutano ya hadhara, wananchi wameuliza kwa nini Halmashauri bado inatumia gari la wagonjwa lililokwisha kuvuka kilomita 300,000. Swali hilo ni la haki, kwani ndilo gari linalowabeba wajawazito usiku wa manane.

Umri wa injini haupimwi kwa kilomita pekee. Gari hilo ni Toyota Land Cruiser yenye injini ya dizeli aina ya 1HZ, silinda 6, ujazo wa lita 4.2, isiyo na tabo. Injini ya namna hiyo, ikitunzwa, huweza kupita kilomita 500,000 bila kufunguliwa kwa matengenezo makubwa. Ikipuuzwa, haifiki hata nusu ya safari hiyo.

Kinachoimaliza injini ni msuguano na joto. Oili ndiyo hutenganisha pistoni na kuta za silinda. Ikichakaa, chuma husaga chuma. Vumbi la barabara zetu nalo huziba filta ya hewa, na likipenya ndani hukwangua silinda. Isitoshe, gari la wagonjwa huunguruma kwa muda mrefu likiwa limesimama, na muda huo hauonekani katika hesabu ya kilomita. Kwa sababu hiyo oili hubadilishwa kila kilomita 5,000. Maji ya rejeta ndiyo yasiyosamehe kabisa: injini ikichemka mara moja tu, silinda hedi yaweza kupinda.

Nchini Marekani, Irv Gordon aliendesha Volvo aliyoinunua mwaka 1966 hadi ikavuka maili milioni 3 mwaka 2013, yaani takriban kilomita milioni 4.8. Haukuwa muujiza, alibadilisha oili kwa wakati, na injini ilipochoka ilifunguliwa ikakarabatiwa.

Dalili za kuchoka zinajulikana: moshi wa buluu, maana yake oili inaungua ndani, oili yenye rangi ya maziwa, maana yake imechanganyika na maji, nguvu kupungua mlimani. Mafundi huzikagua kila matengenezo, na hadi sasa hakuna iliyojitokeza.

Wananchi wakiliona gari hilo karakanani, wasidhani limekufa. Siku hiyo gari la kituo cha afya jirani hushika zamu, na mgonjwa wa dharura aendelee kuripotiwa zahanati kama kawaida.