Vigogo wa Maziwa Yasiyokamuliwa

Kwa protini, hakuna anayeikaribia soya. Gramu 100 za punje kavu hubeba takriban gramu 36. Njugu hufuata na 25 hivi, oti huambulia 13 hadi 17, na mchele huburura mkia na 7. Sokoni Kamukuywa, pale njia ya Kaptama na Kapsokwony inapoachana na barabara kuu ya Webuye–Kitale, nafaka hupimwa kwa gorogoro, kwa hiyo yeyote mwenye sufuria, kitambaa safi na pa kusagia anaweza kuingia mashindano haya ya maziwa ya mimea.

Najua huku ni kwa ng'ombe wa gredi, na soya haitamfukuza Friesian zizini. Ila kiangazi kikibana maziwa hupungua, na wapo watu ambao kikombe kimoja tu cha maziwa huwavuruga tumbo mchana kutwa.

Soya ndiyo laghai kuliko zote jikoni. Unailoweka usiku kucha, unaifikicha maganda yatoke, unaisaga, unaichuja, unaibandika jikoni. Ikifika kama nyuzi 80 hivi povu linafura hadi ukingoni na mpishi anashangilia kwamba imechemka. Haijachemka. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia tumbo kusaga protini, na haviondoki ila kwa moto wa kweli. Punguza moto, koroga povu lishuke, kisha iache itokote dakika 15 au 20. Wanaolalamika kwamba inanuka maharagwe mabichi nao wana dawa yao: isage kwa maji yanayochemka badala ya maji baridi, maana harufu ile huletwa na kimeng'enya kinachoamka punje inapopasuka, na maji moto hukiua kabla hakijaanza kazi.

Kombe la mwanzo mnyonge nalo ni la soya. K. S. Lo alipoanza kuuza maziwa ya soya ya Vitasoy huko Hong Kong mwaka 1940, siku ya kwanza zilitoka chupa 9. Leo kampuni hiyo inajulikana pembe nyingi za dunia.

Kwa kalsiamu, kati ya nafaka zote, bingwa ni wimbi: miligramu 350 hivi kwa gramu 100, ilhali maziwa ya ng'ombe yana kama 120. Wauzaji wa unga hupenda kuishia hapo. Lakini hesabu hiyo ni ya punje kavu. Ukishaongeza maji mara nane na kuchuja makapi, ng'ombe anakupita tena. Mimi wimbi naupa kombe kwa sababu nyingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Rickard Öste wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, alitumia vimeng'enya kuvunja wanga wa oti hadi uji ukawa kinywaji chepesi chenye utamu wake wenyewe. Hapo ndipo ilipotoka kampuni ya Oatly, ambayo mwaka 2021 iliingia soko la hisa la Nasdaq ikithaminiwa takriban dola bilioni 10. Ni rekodi ya kutosha kumfanya mtu aionee kijicho pakiti ya oti. Sasa nenda kwa mama yeyote wa Bungoma anayejua kupika busaa. Kimea chake cha wimbi kina vimeng'enya vya kazi hiyohiyo, na vizazi vya kabla yake vilikuwa nacho. Wataalamu nao waliliona jambo hili mapema: mwaka 1983, A. C. Mosha wa taasisi ya chakula na lishe ya Tanzania na Ulf Svanberg, Mswidi, walichapisha utafiti wa jinsi unga wa nafaka iliyooteshwa unavyoulainisha uji wa watoto.

Nyumbani hufanywa hivi. Loweka wimbi usiku, tandaza kwenye gunia bichi siku mbili au tatu hadi vichipukizi vitoke, anika juani, saga. Pika uji mzito wa oti au wa mahindi, epua, ngoja upoe hadi kidole kivumilie kwa shida, kisha tia kijiko cha kimea ukoroge. Ndani ya dakika chache mwiko uliokuwa unasimama wima unalala, na uji unamiminika. Rudisha jikoni uchemke tena, kisha chuja. Tumia wimbi, usitumie mtama: vichipukizi vya mtama hutengeneza sumu ya sayanidi.

Njugu zinashika rekodi mbili, moja nzuri na moja ya kutisha. Nzuri ni ya jukwaa: Januari 1921 mwanasayansi George Washington Carver alifika mbele ya kamati ya Bunge la Marekani na sanduku lake la bidhaa za njugu, maziwa yakiwemo. Alipewa dakika 10. Wabunge wakamwongeza muda mara kadhaa. Ya kutisha ni aflatoksini, sumu ya ukungu. Mwaka 2004 ilitia sumu watu 317 huko Ukambani na kuua 125, safari hiyo kupitia mahindi, lakini njugu zilizovunwa na kuhifadhiwa na unyevu huishika vilevile. Kuchemsha hakuiondoi. Chambua kabla ya kuloweka: iliyosinyaa, yenye ukungu au chungu itupwe, na hata kuku asipewe.

Kwa haraka, oti za baridi: blenda sekunde 30 na kichungi. Ukizidisha, unapata kamasi. Kwa umbali, nazi, iliyosafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka Pwani; ukipata iliyokomaa, kuna na usisahau kuweka kando kasimile, lile tui zito la kwanza.

Wa mwisho kwa lishe ni mchele. Kwa mtu mzima ni kinywaji cha kuburudisha koo tu. Kwa mtoto mchanga hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachochukua nafasi ya ziwa la mama. Daktari Cicely Williams alieleza kwashakoo kwa watoto wa Gold Coast miaka ya 1930, walioachishwa ziwa wakalishwa uji wa mahindi peke yake.

Bila friji, vinywaji vya asubuhi vinywewe kabla ya jioni. Vikijitenga tabaka mbili, tikisa chupa. Vikinuka uchachu, mwaga.