Mwanao anataka kutibu simba? Safari inaanzia kwa mbwa wa nyumbani

Bariadi. Mtoto wa kidato cha nne akisema anataka kuwa daktari wa wanyamapori, nyumba nyingi hupokea habari hiyo kwa kicheko, kisha kwa wasiwasi. Simba hatamrarua? Kazi ataipata wapi? Na kwa nini asisomee udaktari wa watu?

Wasiwasi huo hurudi miaka michache baadaye, pale mwanafunzi wa chuo anapopiga simu kuomba nauli ya kwenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, hifadhini. Kabla hujamtumia hela, ni vizuri ujue anakwenda kufanya nini na hatari yenyewe iko wapi. Mara nyingi haiko kwa simba.

Kwa mzazi wa Simiyu jambo hili si la mbali. Mkoa wetu umepakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na Pori la Akiba Maswa liko humu humu. Ng'ombe, mbwa, nyumbu na watu wanaishi karibu kiasi kwamba ugonjwa hauulizi mpaka uko wapi.

*Kozi tatu zinazochanganywa*

Wazazi wengi huchanganya kozi tatu. Ya kwanza ni shahada ya tiba ya wanyama, inayofundishwa kwa miaka mitano katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Ya pili ni usimamizi wa wanyamapori, inayopatikana SUA na katika Chuo cha Mweka, Kilimanjaro, kilichoanzishwa mwaka 1963. Ya tatu ni mafunzo ya askari wa wanyamapori, kama yanayotolewa Pasiansi, Mwanza.

Zote ni kazi za heshima, lakini anayeruhusiwa kufanya kazi ya daktari wa wanyama ni yule aliyesomea tiba hiyo na kusajiliwa na Baraza la Veterinari, kwa mujibu wa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003. Kwa hiyo mtoto mwenye ndoto hii asilegeze kamba kwenye Baiolojia na Kemia.

*Ng'ombe wako na nyumbu wa Serengeti*

Mwanafunzi aliyeota kumchoma tembo sindano anaweza kujikuta wiki nzima yuko kijijini akichanja mbwa na kuchukua damu za ng'ombe. Mzazi asidhani mtoto amepotezewa muda. Hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Historia ya Serengeti inaonyesha. Sotoka ilifika Afrika Mashariki karibu na mwaka 1890 na kufyeka ng'ombe, nyati na nyumbu. Ng'ombe waliozunguka hifadhi walipoanza kuchanjwa katika miaka ya 1950, ugonjwa ulitoweka kwa nyumbu pia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu walikuwa kama 250,000. Miaka ya 1970 ilipokwisha walikuwa zaidi ya milioni moja. Hakuna aliyemkimbiza nyumbu mmoja mmoja kumchanja. Aliyechanjwa ni ng'ombe wa mfugaji. Mwaka 2011 dunia ilitangaza kuwa sotoka imetokomezwa.

Mwaka 1994 ilikuwa zamu ya simba. Virusi vya distempa, ugonjwa unaofahamika zaidi kwa mbwa, viliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Baada ya hapo kampeni za kuchanja mbwa katika vijiji vinavyozunguka hifadhi ziliongezwa, dhidi ya distempa na kichaa cha mbwa. Kwa kichaa cha mbwa, lengo linalopendekezwa ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa ili ugonjwa ukose njia ya kuenea.

Binadamu naye huambukiza wanyama. Mwaka 1996 gorila wa msitu wa Bwindi, Uganda, walipata upele uliohusishwa na watu wanaoishi jirani na msitu. Aliyewashughulikia ni Dk Gladys Kalema-Zikusoka, msichana wa Kampala aliyesomea tiba ya wanyama London na kuwa daktari wa kwanza wa wanyamapori katika hifadhi za nchi yake. Mwaka 2003 alianzisha taasisi inayohudumia afya ya gorila na ya wanavijiji kwa pamoja. Mzazi anayeona kazi hii si ya binti ana mfano huo hapo jirani.

*Hatari ambazo wazazi hawazioni*

Ya kwanza ni kichaa cha mbwa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa, lakini ugonjwa huu unazuilika kabisa. Mwanafunzi wa tiba ya wanyama anatakiwa kuchanjwa kabla ya kwenda kushika wanyama. Ratiba ya Shirika la Afya Duniani ni dozi mbili zinazopishana siku saba, hivyo zianze wiki kadhaa kabla ya safari, si asubuhi ya kupanda basi. Hata aliyechanjwa, akiumwa au kukwaruzwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi kituo cha afya kupata dozi za nyongeza.

Ya pili ni dawa za kulaza wanyama wakubwa. Etofini, inayotumika kwa wanyama kama tembo na kifaru, ni kali kiasi kwamba tone dogo linaweza kumuua mtu. Mwanafunzi asiiguse bila msimamizi, na dawa ya kuizimua iwe tayari kabla chupa haijafunguliwa.

Ya tatu ni homa ya baada ya safari. Si kila homa ni malaria. Mbung'o wa maeneo ya hifadhi hueneza malale, na kushika mimba zilizoharibika za mifugo au kunywa maziwa mabichi kunaweza kuleta brusela. Mtoto akirudi na homa, amwambie daktari mara moja kwamba alikuwa porini akishika wanyama.

*Muulize haya kabla ya nauli*

Amechanjwa kichaa cha mbwa, na kadi iko wapi? Msimamizi wake ni daktari aliyesajiliwa? Ana barua ya chuo na barua ya kukubaliwa kutoka anakokwenda? Atapewa glavu na buti, au ajinunulie? Akiugua au kuumia usiku, gari lipo, na kituo cha afya kiko umbali gani? Mwenye mkopo wa HESLB aangalie pia kama amepangiwa fedha za mafunzo kwa vitendo, kwani ni kipengele kimojawapo cha mkopo.

*Ajira je?*

Nafasi za udaktari wa wanyamapori katika TANAPA, TAWA, Ngorongoro na taasisi ya utafiti TAWIRI si nyingi. Lakini shahada ni ile ile inayomwezesha kutibu mifugo, kukagua nyama, kufanya kazi maabara au kufungua kliniki yake. Katika mkoa wa wafugaji kama Simiyu, aliyejifunza kwa nyumbu hakosi wa kumtibia kijijini.

Kwa aliye bado sekondari, hakuna haja ya kusubiri chuo. Siku ya chanjo ya mbwa ikitangazwa kijijini, mpe kamba ampeleke mbwa wa nyumbani, na amuulize ofisa mifugo maswali yake yote. Akirudi bado anaipenda kazi hiyo, mzazi utakuwa na sababu nzuri ya kuanza kuweka akiba ya ada.