Mbwa Anaposusa Chakula

Ni jioni katika ploti moja ya Umoja, Nairobi. Kwenye sufuria kuukuu kuna ugali wa mchana uliomwagiwa supu. Mbwa anaunusa, anageuza shingo na kurudi kujilaza kwenye ngazi. Mwenyewe anaingiwa na huruma, anaongeza vipande viwili vya nyama. Nyama inaokotwa, ugali unabaki. Kesho yake mbwa anasusa mapema zaidi, maana ameshajua kwamba akisusa kitakuja kizuri kuliko kile.

Mbwa wengi wanaosemwa kuwa na maringo walifundishwa hivyo nyumbani, tena kwa mapenzi. Na mitaa ya Eastlands ina jambo jingine: mbwa hana mpishi mmoja. Watoto wa ghorofa ya juu humrushia mandazi, askari wa geti hugawana naye chapati, na kwenye kibanda cha supu hakosi mfupa. Buruburu, iliyojengwa kwa awamu tano kuanzia miaka ya 1970, nyumba zake zimepangwa kwa makundi yanayoitwa korti, na mbwa wa korti hupita milango yote kabla ya kurudi kwake.

Kwa hiyo kabla ya kubadilisha chakula, ulizia kwanza anakula wapi kwingine. Kisha mpapase mbavu. Kama zinahisika chini ya ngozi bila kuchomoza, na uzito haupungui, mbwa huyo hana njaa. Zungumza na majirani na askari, wakubali kuacha kumlisha kwa wiki mbili hivi. Hapo ndipo penye kazi ngumu, kuliko upishi wowote.

Nyumbani, mpe chakula mara mbili kwa siku, saa zile zile. Asipokula kwa dakika 20, ondoa chombo bila kumbembeleza, na usimpe kingine hadi mlo unaofuata. Maji yabaki pale daima. Mbwa mzima mwenye afya hadhuriki kwa kukosa mlo mmoja. Vitafunio visizidi sehemu moja ya kumi ya nishati anayohitaji kwa siku. Ukitaka kumhamishia chakula kipya, changanya kidogo kidogo kwa wiki nzima. Chakula kilichopoa kipashe moto kiasi, au kinyunyizie maji ya uvuguvugu, kwa sababu mbwa hula kwa pua kwanza: ulimi wake una vinundu vya ladha vipatavyo 1,700 tu, wa binadamu una karibu 9,000.

Ugali wenyewe hauna kosa. Mwaka 2013 Erik Axelsson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, walionyesha kwamba mbwa ana nakala nyingi zaidi za jeni ya kumeng'enya wanga kuliko mbwa mwitu, matokeo ya kuishi na binadamu kwa maelfu ya miaka. Tatizo ni ugali mtupu, usio na protini, mafuta wala madini ya kutosha. Omena husaidia sana, kwa kuwa huliwa na mifupa yake na hivyo huleta kalsiamu. Ziloweke, uzikoroge kwa mkono, uache mchanga utue chini, kisha uzichemshe bila chumvi na uzipondeponde ndani ya ugali ili mbwa asipate nafasi ya kuchambua.

Wengine hununua mapafu na matumbo soko la Burma, au mabaki ya mbuzi machinjioni Kiamaiko. Ni chakula kizuri kikichemshwa hadi kiive kabisa. Mapafu na maini mabichi huweza kubeba vifuko vya maji vyenye viluwiluwi vya tegu, ambaye hukomaa kwenye utumbo wa mbwa na mayai yake kumfikia binadamu kupitia kinyesi. Ugonjwa unaoletwa na tegu huyo uliwatesa Waturkana kiasi cha shirika la AMREF kuanzisha mpango wa kuudhibiti mwaka 1983. Hakuna sababu ya kuualika uani, wanapocheza watoto.

Mchuzi wa nyumbani nao usimiminwe hivi hivi tu. Vitunguu maji na vitunguu saumu, hata vikiwa vimepikwa, huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka na kuwa na ncha kali.

Halafu kuna unga. Mahindi yenye ukungu, ambayo watu wameyakataa, mara nyingi huonekana kuwa yanamfaa mbwa. Hayamfai. Mwaka 2004 sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu huo, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwishoni mwa 2020 chakula cha mbwa kilichochafuliwa na sumu hiyo hiyo kilihusishwa na vifo vya mbwa nchini Marekani. Sumu hiyo hushambulia ini, na kupika hakuimalizi. Mbwa anayekataa unga ule ule aliokuwa akiula jana huenda hana maringo yoyote. Nusa gunia kwanza.

Kususa kwa ghafla ni habari nyingine. Nairobi ina kupe wengi, na homa wanayoambukiza huanza hivyo hivyo: mbwa amelala, ana joto, hataki hata nyama. Inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole gumba kisha achia. Rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde mbili hivi. Ufizi uliopauka, kutapika, au siku nzima bila kula ni safari ya daktari wa mifugo. Mtoto wa mbwa asisubiriwe siku nzima, sukari ya damu yake hushuka upesi.

Na mbwa aliyeacha kula huku akitokwa mate, akishindwa kumeza au akibadilika tabia, usimtie mkono mdomoni kutafuta mfupa uliokwama. Huenda ni kichaa cha mbwa. Mfungie peke yake, waite maafisa wa mifugo. Aliyeumwa au kulambwa kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali kuchanjwa siku hiyo hiyo.