Zilipendwa na Mkia wa Wimbo

Nyimbo za zamani ambazo bado zinapigwa redioni, harusini na katika kumbi za starehe huitwa zilipendwa nchini Tanzania, ilhali Wakenya huziita zilizopendwa, na tofauti ya silabi hiyo moja ina uzito mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Umbo la Kenya lina kirejeshi, kwa hiyo linateua nyimbo fulani kati ya nyingi, yaani zile ambazo watu walizipenda. Umbo la Tanzania ni sentensi kamili, nayo inadai kwamba kupendwa kulitokea zamani na kukaisha. Dai hilo halithibitiki, kwa kuwa sauti ya mwimbaji Marijani Rajab, aliyefariki mwaka 1995, inasikika leo katika simu za vijana ambao hawakuwa wamezaliwa alipozikwa. Kilichopungua si mapenzi ya wasikilizaji, bali ni mwili wenyewe wa wimbo, hasa mkia wake.

Muziki wa dansi, yaani muziki wa bendi zenye magitaa ya umeme, ngoma na vyombo vya kupuliza ambao ulitawala miji ya Tanzania kwa miongo kadhaa baada ya Uhuru, kwa kawaida hutungwa kwa sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza mwendo ni wa taratibu, naye mwimbaji anasimulia kisa, anashtaki, anaomba radhi au anamwandikia mpenzi wake barua ambayo mji mzima utaisikia. Sehemu ya pili, yaani mkia, wanamuziki wenyewe huiita chemko: hapo mwendo hupanda, maneno hupungua hadi kubaki viitikio vifupi, gitaa la solo huchukua nafasi ya msimulizi, saksafoni na tarumbeta hujibizana, na wachezaji waliokuwa wamekaa kusikiliza kisa huinuka. Ndani ya chemko ndimo unamokaa mtindo, neno ambalo katika dansi lina maana maalumu ya mapigo na uchezaji unaoitambulisha bendi moja na kuitenga na nyingine. Western Jazz walikuwa na Saboso, Maquis walikuwa na Kamanyola, na mtindo wa DDC Mlimani Park, bendi iliyoanzishwa mwaka 1978, ulikuwa Sikinde, jina lenye asili katika ngoma ya Wazaramo, ambalo lilipendwa mno hata likaimeza bendi yenyewe, kama Msondo ulivyoimeza bendi iliyoanza mwaka 1964 kwa jina la NUTA Jazz na baadaye ikawa Juwata. Bendi iliyokumbukwa kwa jina la mtindo wake, basi, imekumbukwa kwa chemko lake, na mtu anayekata chemko ili kuufupisha wimbo anakata kile ambacho wenye wimbo walikiona kuwa kitambulisho chao.

Ufupishaji huo haukuanza na simu za mkononi. Mwimbaji wa Zanzibar, Siti binti Saad, alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi taarabu kwa Kiswahili, santuri za wakati huo, sahani zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilibeba takriban dakika tatu kila upande. Taarabu, ambayo katika baraza la Unguja huimbwa beti baada ya beti huku wasikilizaji wakitunza na kuomba ubeti urudiwe, ililazimika kujikunja ili ienee katika kipimo kilichowekwa na watengenezaji wa mashine waliokuwa mbali kabisa na Zanzibar. Zilizosalia ni hazina isiyokadirika, kwani pasipo santuri hizo sauti ya Siti ingejulikana kwa masimulizi peke yake. Hata hivyo anayezisikiliza leo apaswa kujua kwamba anasikia muhtasari. Santuri ndogo zilizofuata baada ya Vita Kuu ya Pili, zile za mizunguko 45, zilirefusha muda kidogo tu, na mafundi wa Nairobi wakapata ufumbuzi wa kuukata wimbo katikati, kisa kikawekwa upande wa kwanza na chemko upande wa pili. Mwenye gramafoni alilazimika kunyanyuka na kugeuza sahani, na katika baa wapo waliouweka upande wa pili moja kwa moja, kisa wasikisikilize kabisa.

Mahali ambapo wimbo wa dansi uliachiwa urefu wake ni katika studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, iliyojulikana kwa ufupisho wake wa RTD. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, na mpaka wake na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, kufuatia kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, njia ya kwenda viwanda vya Nairobi ikawa ngumu zaidi. Bendi zikabaki na redio ya taifa, ambayo ilirekodi kwa ajili ya kutangaza na si kwa ajili ya kuuza, na kwa sababu hiyo haikuwa na haja ya kuhesabu dakika. Wanamuziki waliingia studio wote kwa pamoja, wakapiga wimbo kuanzia mwanzo hadi mwisho kama wapigavyo ukumbini, nao utepe wa sumaku ukaupokea mzima. Ukamilifu wa rekodi hizo, pamoja na makosa madogo ambayo hapakuwa na namna ya kuyafuta, ndio unaozifanya zisikike hai hadi leo. Sehemu ya hazina hiyo ya dansi na taarabu imetolewa upya nchini Ufaransa katika mfululizo wa albamu uitwao Zanzibara, jambo la kushukuriwa, ingawa inauma kuona kwamba msikilizaji wa Paris anaweza kununua sauti safi ya Dar es Salaam ya miaka ya 1960 pamoja na kijitabu cha maelezo, wakati msikilizaji wa Morogoro anaridhika na nakala ya nakala iliyopitia kaseti tatu.

Morogoro haikutajwa bure. Mji huo ulitoa Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, mpiga solo aliyekwenda Japani mwaka 1970 wakati wa maonyesho ya kimataifa ya Osaka na kufariki kwa ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979. Anayemtafuta Mbaraka katika intaneti hupata nyimbo zake kwa wingi, lakini macho yake hukutana na picha moja tu, jalada la santuri au uso wa mwimbaji uliofifia, ambayo haisogei tangu sauti inapoanza hadi inapokoma. Sababu ni ya kihistoria. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi katika miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994, wakati vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo, na televisheni ya taifa ikafuata mwaka 2000. Kizazi kizima cha dansi kilipita bila kamera, na namna Saboso ilivyochezwa imebaki katika miguu ya wazee, ambayo haihifadhiki katika maktaba.

Bongo fleva, muziki wa vijana uliochipuka katika miaka ya 1990 kwa kukitia Kiswahili katika midundo ya kufokafoka ya Marekani, ulikua pamoja na televisheni, na kwa hiyo una picha zake. Video za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitengenezwa kwa vifaa duni na zilichekwa upesi zilipopitwa na nyingine, lakini miaka zaidi ya 20 baadaye zimekuwa nyaraka. Mtu anayezirudia huona suruali pana, simu zenye antena na mitaa kabla ya maghorofa, mambo ambayo hakuna mwanahistoria aliyekuwa akiyapiga picha wakati huo.

Njia nyingine ya kuurudia wimbo wa zamani ni kuuimba upya, na mfano wake mkubwa ni Malaika, uliorekodiwa na Fadhili William mjini Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba katika albamu yao ya mwaka 1965, Boney M waliufanya kuwa wa disko mwaka 1981, naye Angélique Kidjo wa Benin akauimba mwaka 1991. Kila aliyeupokea aliubadili, na wimbo haukuvunjika. Lililobaki na jeraha ni swali la nani aliutunga, kwa kuwa madai yametolewa pia kwa ajili ya Adam Salim wa Tanzania na watunzi wengine wa pwani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ilitungwa mwaka 1999, wakati watunzi wengi wa dansi walikuwa wamekwisha kuzeeka au kufa, na mirabaha, yaani malipo ambayo mtunzi anastahili kila kazi yake inapotumika, haikuwakuta.

Kwa upande wa wasanii wa sasa, wimbo Salome wa Diamond Platnumz na Rayvanny wa mwaka 2016 ulijengwa juu ya Maria Salome wa Saida Karoli, aliyeimba kwa Kihaya mwaka 2001, na kwa njia hiyo mamilioni ya watazamaji walielekezwa kwenye chemchemi yenyewe. Urithi wa aina hiyo, unaomtaja mwenye mali, ni wa heshima kuliko tabia iliyozoeleka ya kunyofoa kiitikio peke yake, kukitia katika midundo ya kompyuta na kukimaliza kwa dakika tatu, kipimo kilekile cha santuri za Siti.

Kizazi cha utepe na kizazi cha video vilikutana waziwazi mwaka 2013, pale Muhidini Gurumo, mwimbaji aliyeanza kazi katika miaka ya 1960, akapita NUTA Jazz, akawa miongoni mwa walioiasisi Mlimani Park na kisha kurudi Msondo, alipostaafu bila gari la kutembelea. Diamond, katika uzinduzi wa video ya wimbo wake Number One, alimzawadia gari. Gurumo alifariki mwezi Aprili mwaka uliofuata. Wakati huo nyimbo alizorekodi RTD zilikuwa bado zinapigwa redioni karibu kila wiki, na watangazaji wengi, wakibanwa na matangazo ya biashara, waliendelea kuzizima taratibu pale tarumbeta za chemko zinapoanza kuingia.