Kichekesho Baina ya Nyimbo: Lugha ya Maonyesho ya Mchanganyiko Jijini Dar es Salaam

Utangulizi

Katika maonyesho ya burudani yaliyovuma jijini Dar es Salaam katika miaka ya 1980 na 1990, mtu aliyelipa kiingilio kwa ajili ya taarab hakuisikiliza taarab peke yake. Kabla ya mwimbaji wake kupanda jukwaani, aliona ngoma za asili, sarakasi, kwaya, igizo na kichekesho. Onyesho lilichukua saa kadhaa, aghalabu kuanzia alasiri hadi usiku, katika kumbi za baa na viwanja vya burudani. Vikundi kama Muungano, kilichoanzishwa na Norbert Chenga mwaka 1980, na Tanzania One Theatre (TOT), kilichoundwa mwaka 1992 na kuongozwa na John Komba, vilijipatia jina kwa mchanganyiko huo.

Katika mchanganyiko huo, wimbo ndio uliopata bahati. Ulirekodiwa, ukapigwa redioni, ukauzwa katika kaseti, na hatimaye ukachambuliwa na wanafunzi wa fasihi. Kichekesho kilichosikika nusu saa kabla yake, kwenye jukwaa lile lile na mbele ya hadhira ile ile, kwa sehemu kubwa kilipotea na upepo. Mhadhara huu unaeleza kichekesho hicho kilifanya kazi gani ya kilugha, na kwa nini kupotea kwake ni hasara kwa taaluma ya Kiswahili.

Chimbuko

Kuchanganya muziki na mzaha hakukuanzia katika baa za Dar es Salaam. Ngoma ya beni, iliyochipuka katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19 na kuenea hadi bara, iliiga gwaride, sare na vyeo vya majeshi ya wakoloni, na uigaji huo ulikuwa na kejeli ndani yake. Unguja, vikundi vya taarab viliweka baina ya nyimbo michezo mifupi ya kuchekesha iliyoitwa natiki. Aidha, kabla ya majukwaa na viingilio vyote, ulikuwapo utani: uhusiano wa kijadi baina ya makabila, kama vile Wazaramo na Wanyamwezi, unaompa mtani ruhusa ya kusema hata msibani maneno ambayo yakisemwa na mtu mwingine yangekuwa matusi.

Baada ya uhuru, serikali ya Tanzania ilivileta pamoja vipengele hivi chini ya sera ya utamaduni wa taifa. Kikundi cha ngoma cha taifa kiliundwa, na mwaka 1965 vijana wapatao 20 walipelekwa China kujifunza sarakasi, wakarejea mwaka 1969. Vikundi hivyo vya serikali vilipovunjwa, na mafunzo ya sanaa kukabidhiwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanzishwa mwaka 1981, mfano wao wa onyesho lenye kila kitu ulichukuliwa na vikundi vya mashirika na vya watu binafsi. Hivi vilitegemea kiingilio, kwa hiyo vililazimika kumridhisha mlipaji. Kichekesho kilidumu katika mazingira hayo kwa sababu watu walikitaka.

Kilikuwa pia na kazi ya utendaji. Wakati wachekeshaji wawili wakibishana mbele ya hadhira, nyuma yao wapigaji walipanga vyombo na waimbaji walibadili mavazi. Mchekeshaji alikabidhiwa hadhira iliyokuja kumtazama mtu mwingine, wala hakuwa na ala ya kumsitiri. Silaha yake ilikuwa lugha, akisaidiwa na uso na mwendo.

Lafudhi kama vazi

Silaha ya kwanza ya mchekeshaji ni lafudhi. Akishatamka maneno matatu, hadhira inajua mhusika anatoka wapi, amesoma kiasi gani na amekaa mjini muda gani. Hata hivyo, mchekeshaji haigi lafudhi nzima. Huchagua sifa mbili au tatu zinazotambulika upesi, na kuzirudia. Lugha kadhaa za Kibantu hazitofautishi l na r, kwa hiyo mhusika mmoja hubadilisha kula kuwa kura kila mara. Sauti zilizoingia pamoja na maneno ya Kiarabu ni hazina nyingine: thelathini huwa selasini, dhambi huwa zambi, ghali huwa gali. Mwingine huvuruga upatanisho wa ngeli, akasema kitabu yangu na watu ile.

Ustadi huu unaonekana wazi zaidi pale mchekeshaji anapoiga lafudhi isiyo yake. Mfano mashuhuri umehifadhiwa katika televisheni ya Kenya. Benson Wanjau, aliyefariki mwaka 2015, alijulikana na watazamaji wa Vitimbi kwa jina la Mzee Ojwang. Alikuwa Mkikuyu, lakini mhusika wake alikuwa Mjaluo, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kijaluo. Kijaluo hakina sauti sh wala z. Kikuyu nacho hakina l. Kwa hiyo matatizo ya matamshi ya mhusika hayakuwa matatizo ya lugha mama ya mwigizaji. Ilimpasa ajue msemaji wa lugha nyingine anateleza wapi anaposema Kiswahili, na ateleze hapo hapo kila wiki bila kukosea. Kazi hiyo ni ya uchambuzi wa fonolojia, ingawa haikufanywa darasani.

Neno moja, maana mbili

Silaha ya pili ni utata wa maana. Chukuliwe kisa hiki cha kubuni, kinachofuata njia iliyozoeleka na wachekeshaji. Kijana kutoka bara amepata kazi ya nyumbani mjini. Mama mwenye nyumba ana nazi mkononi, anamwambia, “Nenda kwa jirani ukaniazimie mbuzi.” Kijana anarudi anakokota mnyama kwa kamba. Anayecheka lazima ajue kwamba mbuzi ni mnyama, na pia kwamba ni kifaa chenye meno ya chuma cha kukunia nazi. Asiyejua maana ya pili hubaki akiwatazama wenzake. Kicheko, kwa hiyo, ni mtihani wa umilisi wa lugha, na matokeo yake husikika papo hapo.

Kisa hicho kinaweza kugeuzwa. Mpwani anakwenda kijijini Dodoma na nazi zake mkobani; anamwomba mwenyeji wake mbuzi. Mwenyeji, kwa heshima ya mgeni, anachinja. Neno ni lile lile, lakini sasa mjuaji wa pwani ndiye aliyepotea, na ukarimu wa bara ndio uliopanda daraja. Mchekeshaji hodari hubeba matoleo yote mawili, na huamua lipi litumike baada ya kuitazama hadhira iliyokaa mbele yake.

Hadhira inayojibu

Katika taarab, msikilizaji hushiriki kwa kutunza: huinuka, akaenda na noti yake mbele ya mwimbaji, na mara nyingi huchagua kuinuka katika ubeti unaomgusa hasimu wake. Katika kichekesho, hushiriki kwa mdomo. Humwonya mhusika anayedanganywa, hummalizia sentensi, humtupia neno. Mchekeshaji hulidaka neno hilo na kulirudisha likiwa na maana nyingine. Mechi ya Simba na Yanga iliyochezwa juzi, jina la mtaa wa jirani, bei mpya ya nauli, vyote huingia bila kuandikwa popote.

Ndiyo maana kichekesho hakina matini moja. Neno lililochekesha Ijumaa hurudishwa Jumapili, na lililopokelewa kwa kimya huachwa. Anayechunguza jinsi msamiati wa mitaani unavyozaliwa, unavyokubalika na unavyokufa angeona mchakato huo mzima katika muda wa mwezi mmoja.

Anayechekwa

Kicheko hiki kina gharama. Kila mara mhusika mwenye lafudhi ya kabila fulani anapowekwa jukwaani kuwa ndiye mjinga, wapo watu katika ukumbi wanaojifunza kunyamaza. Mwanafunzi aliyechekwa darasani kwa kusema zambi anajua kwamba mzaha wa jukwaani humfuata hadi shuleni. Jibu la watetezi wa kichekesho ni kwamba utani hulinda: anayechekwa leo atacheka kesho, na Mswahili anayejisifu kwa Kiswahili chake naye ana zamu yake. Jibu hilo lina ukweli pale zamu zinapozunguka kweli. Katika utani wa kijadi pande zote mbili hujulikana na kila upande una haki ya kujibu. Jukwaani, mwenye kipaza sauti ni mmoja. Kipimo cha haki, basi, ni kuangalia kama anayechekwa hupewa nafasi ya kushinda kabla pazia halijafungwa, kama afanyavyo mwenyeji wa Dodoma katika kisa cha mbuzi.

Kuhama kwa kichekesho

Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, wachekeshaji walipata nyumba mpya, na baadaye wakaingia katika filamu za kanda na za diski. Amri Athumani, maarufu kama Mzee Majuto, aliyefariki mwaka 2018, alifahamika na kizazi kipya kwa filamu hizo, ilhali sanaa yake ilianzia jukwaani. Kuanzia mwaka 2006, Ze Comedy ilikipa kichekesho kipindi chake chenyewe. Siku hizi wachekeshaji husimama peke yao ukumbini, na watu hulipa kiingilio kwa ajili yao. Kichekesho hakihitaji tena kuombewa nafasi na muziki. Kwa upande mwingine, kamera haijibu. Lile neno la kurushiwa kutoka viti vya nyuma haliwezi kuingia katika kipindi kilichokwisha kurekodiwa.

Hitimisho

Vitabu viwili vikubwa kuhusu maonyesho ya Tanzania, cha Kelly Askew cha mwaka 2002 na cha Laura Edmondson cha mwaka 2007, viliandikwa kwa Kiingereza, na swali lao kuu lilikuwa taifa na siasa. Swali la lugha limebaki mikononi mwa wanaisimu wa Kiswahili. Maelezo mengi ya sarufi hutegemea matini zilizoandikwa, na utafiti wa mashairi hutegemea nyimbo zilizorekodiwa. Kati ya hizo mbili kuna Kiswahili cha mazungumzo cha miongo miwili, kilichosemwa mbele ya mashahidi wengi na kunakiliwa na wachache.

Baadhi ya wasanii wa vikundi hivyo, na wengi zaidi wa watazamaji wao, wangali hai na wanakumbuka. Kazi ya kuwahoji, kunakili visa vyao pamoja na majibu ya hadhira, na kuhifadhi kanda zilizosalia majumbani haihitaji mitambo ya gharama. Inahitaji wanafunzi wenye daftari, kinasa sauti na subira, na inafaa ianze sasa, maana kila msiba wa msanii mkongwe hupunguza idadi ya wanaoweza kuulizwa.